Kabalega, Mfalme Aliyejenga Jeshi

Omukama Kabalega alishika kiti cha enzi cha Bunyoro-Kitara mnamo mwaka 1870, baada ya kumshinda ndugu yake vitani. Alijua kuwa nchi isiyo na jeshi la kudumu haina kinga. Hivyo akaunda Abarusura, askari wenye bunduki, watiifu kwake mwenyewe. Mwaka 1872 alimpinga Samuel Baker huko Masindi, alipotaka kuitia Bunyoro mikononi mwa Misri.

Mwishoni mwa 1893 Waingereza, chini ya Kanali Colvile, walimshambulia. Kabalega aliingia msituni, akapigana vita vya kuvizia zaidi ya miaka mitano, huku njaa na maradhi yakiangamiza raia wake. Tarehe 9 Aprili 1899 alijeruhiwa na kutekwa Lango pamoja na Mwanga wa Buganda. Akakatwa mkono, akahamishiwa Shelisheli. Alifariki Jinja mwaka 1923, akirejea nyumbani, akazikwa Mparo, Hoima.

Bunduki nyingi zilizomshinda zilishikwa na Waafrika wenzake, Wasudani na Waganda, waliotumikia ubeberu. Askari na polisi wakumbuke: silaha hupata heshima kwa yule inayemlinda.