Arnold Theiler na Ugonjwa wa Ndigana



Labda una ng'ombe mmoja, umemfunga kamba chini ya minazi. Labda jirani yako ana fahali wa kuchezwa katika mchezo wa ng'ombe. Hapa Pemba ng'ombe ni maziwa, ni gari la kubeba mzigo, ni akiba ya siku ya shida. Ng'ombe akifa, akiba imekwenda.

Ugonjwa mmoja unaoua ng'ombe ni ndigana kali. Huletwa na kupe. Ng'ombe hupata homa, na tezi iliyo chini ya sikio huvimba. Hukataa majani. Hupumua kwa shida, na povu humtoka puani. Ndama na ng'ombe wa kizungu hufa upesi zaidi.

Leo utasoma maisha ya mtu aliyeuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Jina lake ni Arnold Theiler. Kijidudu cha ndigana kali kimepewa jina lake, nacho huitwa Theileria mpaka leo.

Kijana wa Uswisi

Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi 1867, katika mji mdogo wa Frick, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana huyu alisomea udaktari wa mifugo, akamaliza mwaka 1889. Mwaka 1891 alikwenda Transvaal, Afrika ya Kusini, kutafuta kazi.

Haukupita muda mrefu akapata ajali. Mashine ya shambani ilimkata mkono wake wa kushoto. Fikiri, ndugu msomaji. Daktari wa mifugo, mgeni, hana fedha, na sasa ana mkono mmoja. Wengi wangerudi kwao. Yeye alibaki. Alivaa mkono wa bandia akaendelea na kazi. Mwaka 1893 alitengeneza chanjo ya ndui, nayo ilisaidia watu wa Johannesburg. Hapo serikali ikaanza kumjua.

Mwaka 1896 ugonjwa wa sotoka ulifika Afrika ya Kusini, ukaua ng'ombe wengi mno. Theiler aliajiriwa kupambana nao. Tangu hapo akawa mtu wa darubini, yaani kile chombo cha kuonea vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Ugonjwa uliotoka pwani yetu

Baada ya sotoka na vita vya Makaburu, nchi za kusini zilikosa ng'ombe. Wafanya biashara wakanunua ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki. Waliwapakia melini na kuwashusha Beira, Msumbiji. Ng'ombe hao walionekana wazima. Kumbe walikuwa wameugua ndigana kali utotoni, wakapona, na bado walikuwa na vijidudu mwilini. Kupe wa kule wakawauma, kisha wakauma ng'ombe wengine. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walianza kufa. Mwaka 1902 ugonjwa ukafika Transvaal. Kwa sababu ulitoka pwani yetu, wazungu waliuita Homa ya Pwani ya Mashariki.

Mwanzoni wataalamu walidhani ni ule ugonjwa wa kukojoa damu, ambao pia huletwa na kupe. Hata Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, alikosea hivyo. Alikuwa ameviona vijidudu hivi Dar es Salaam mwaka 1897 au 1898, lakini akadhani ni vya ugonjwa wa kukojoa damu. Theiler alifanya jaribio. Alichukua ng'ombe waliokwisha kupona ugonjwa wa kukojoa damu, akawaweka penye ugonjwa mpya. Wakaugua na kufa. Basi ikajulikana kuwa hayo ni magonjwa mawili. Kinga ya ugonjwa mmoja haizuii mwingine.

Chanjo zilizoshindwa

Wenye ng'ombe walitaka chanjo. Koch aliitwa Rhodesia mwaka 1903. Alishauri ng'ombe wadungwe damu ya ng'ombe waliopona, tena na tena. Wenye ng'ombe walitumaini sana. Lakini chanjo hiyo haikufaa kitu.

Baadaye Theiler alijaribu njia nyingine. Alitumia bandama na tezi za ng'ombe wagonjwa. Ng'ombe waliopona walipata kinga. Lakini wengi waliuawa na chanjo yenyewe.  

Basi ilibaki njia ya kupe. Mtaalamu mwingine, Charles Lounsbury, alikuwa ameonyesha kuwa ugonjwa huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia, apendaye kukaa masikioni. Kupe akiwa mdogo hunyonya damu ya ng'ombe mgonjwa. Kisha huanguka majani, hujibadili, na kupanda ng'ombe mwingine. Hapo ndipo humtia ugonjwa. Iligunduliwa pia kwamba malisho yakikaa bila ng'ombe kwa miezi 15 hivi, ugonjwa humalizika humo. Kwa hiyo serikali zilijenga majosho, zilifunga malisho kwa seng'enge, na ng'ombe wengi walipigwa risasi. Zilikuwa serikali za wakoloni. Wakulima Waafrika hawakuulizwa, nao walipata hasara kubwa. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1950 ugonjwa ulikwisha Afrika ya Kusini.

Kijidudu kipole

Mwaka 1908 Theiler alifungua kituo kikubwa cha uchunguzi huko Onderstepoort, karibu na Pretoria. Hapo alichunguza ndigana baridi. Aliona kuwa kuna vijidudu viwili vinavyofanana. Kimoja ni kikali. Kingine ni kipole, nacho humwugesha ng'ombe kidogo tu. Akatumia kile kipole kuwa chanjo ya kile kikali. Chanjo hiyo ya mwaka 1911 bado inatumika katika nchi kadha.

Katika ugonjwa wa farasi aliona jambo jingine. Mnyama aliyepona aina moja, wakati mwingine aliugua tena kwa aina nyingine. Kumbe hata kijidudu cha ugonjwa mmoja kina koo zake, kama watu wa ukoo huu na ukoo ule.

Theiler alifariki London tarehe 24 Julai 1936. Binti yake Gertrud akawa mtaalamu wa kupe. Mwanawe Max alitengeneza chanjo ya homa ya manjano, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1951.

Chanjo ya ndigana kali

Theiler hakuiona chanjo nzuri ya ndigana kali. Ilipatikana miaka ya 1970 huko Muguga, Kenya. Ng'ombe hudungwa vijidudu vilivyo hai, na siku hiyo hiyo hudungwa dawa ya kuvipunguza nguvu. Huugua kidogo, kisha hupata kinga ya muda mrefu.

Lakini vijidudu vya ndigana kali pia vina koo nyingi. Kinga ya ukoo mmoja huenda isizuie mwingine. Kwa hiyo wataalamu walichanganya vijidudu vya namna tatu. Viwili vina majina ya Muguga na Kiambu, Kenya. Cha tatu kina jina la Serengeti, hapa Tanzania. Miaka ya karibuni wataalamu wamevichunguza zaidi, wakaona kuwa cha Muguga na cha Serengeti vinafanana mno.

Kuna tahadhari. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vijidudu mwilini, na kupe wakavieneza. Kwa hiyo ni lazima wataalamu wajue kwanza ni koo zipi ziko mahali, kabla ya kuleta nyingine. Kisiwa kama chetu kina bahari ya kukilinda. Tusiuvunje ulinzi huo kwa mikono yetu.

Na wewe je?

Kumbuka ng'ombe wa Beira. Walionekana wazima. Basi usivushe ng'ombe kwa jahazi bila ya kupimwa na daktari wa mifugo. Tazama masikio ya ng'ombe wako kila siku, na tumia dawa ya kupe kama ulivyoelekezwa. Ukiona tezi imevimba, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, kwani dawa hufaa zaidi mapema. Na hata ng'ombe akichanjwa ndigana kali, usiache kuua kupe. Chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu.

Maswali

1. Kwa nini ng'ombe wa pwani walionekana wazima, na bado walileta ugonjwa?
2. Chanjo ya bandama na tezi ilikuwa na hatari gani?
3. Kwa nini chanjo ya ndigana kali huchanganywa vijidudu zaidi ya kimoja?
4. Zungumzeni darasani: katika kijiji chenu, ng'ombe wapya hutoka wapi, na nani huwapima?