Martinus Beijerinck, Aliyetafuta Vijidudu Rafiki

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliomaliza masomo zamani, katika magazeti ya shule tumezoea kusoma habari za wafalme, wasafiri na majemadari. Leo napenda kuwaelezeni maisha ya mtu ambaye hakushinda vita wala hakugundua nchi mpya. Yeye alitumia miaka yake kuchungua udongo na mizizi. Jina lake ni Martinus Beijerinck. Kila mtu alimaye karanga au kunde, kutoka Arua mpaka Koboko, hupata faida ya vijidudu alivyovichunguza bwana huyu, ingawa pengine hajapata kulisikia jina lake.

Alizaliwa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, lakini biashara yake ilifilisika, naye akawa karani katika reli. Basi kijana huyu hakukua katika utajiri. Alisoma katika chuo cha ufundi mjini Delft, na huko alikaa nyumba moja na van 't Hoff, ambaye mwaka wa 1901 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka wa 1877 Beijerinck alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alifundisha katika shule ya kilimo huko Wageningen, kisha mwaka wa 1885 akaajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft.

Siku zile Pasteur wa Ufaransa na Koch wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba bakteria huleta magonjwa. Habari hiyo ilikuwa ya kweli na iliokoa watu wengi. Lakini ilifanya watu wamdhanie kila bakteria kuwa adui. Hata wataalamu wengi waliamini kwamba ndani ya mmea mzima hamna bakteria, na kwamba wakionekana humo, basi mmea ni mgonjwa au unaoza.

Tangu kale wakulima walijua kwamba shamba lililopandwa kunde au maharagwe huzaa nafaka nzuri msimu unaofuata, ila sababu hawakuijua. Mwaka wa 1886 Mjerumani Hellriegel alieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vinundu vilivyo mizizini. Je, ni nani aliyemo ndani ya vinundu? Mwaka wa 1888 Beijerinck alifaulu kuwatoa bakteria waliomo na kuwakuza peke yao. Hawakuwa wagonjwa wala waharibifu, bali wapangaji waliolipa kodi yao. Hewa ina sehemu 78 za nitrojeni katika kila 100, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa bado hewa. Bakteria huigeuza iwe chakula cha mmea, na mmea huwapa sukari. Ukitaka kuhakikisha, ng'oa mche wa karanga unaokaribia kutoa maua, upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea.

Mwaka wa 1895 alifanywa profesa mjini Delft. Huko aliendeleza njia yake ya kuwapata bakteria, na njia hiyo hutumika mpaka leo. Kwa mfano, alitia udongo kidogo katika maji yenye sukari na madini, lakini yasiyo na chakula chochote cha nitrojeni. Bakteria wasioweza kuchukua nitrojeni hewani hawakustawi. Waliobaki wakiongezeka ndio aliowataka. Alikuwa kama mtega mtego anayejua chambo cha mnyama mmoja tu. Kwa njia hiyo, mwaka wa 1901 alieleza habari za azotobakta, anayeishi huru udongoni bila kuhitaji kinundu. Tena mwaka wa 1898 alikuwa amechunguza ugonjwa wa madoa wa tumbaku, zao linalojulikana sana katika West Nile, akaonyesha kwamba hauletwi na bakteria bali na kitu kidogo zaidi, alichokiita virusi.

Hata hivyo tusimsifu kwa kila jambo. Alikuwa mkali mno kwa wanafunzi wake, na wengi walimwogopa. Hakuoa, kwa kuwa aliona ndoa ni kizuizi cha elimu. Mwaka wa 1921 alistaafu, akaenda kukaa na dada zake katika kijiji cha Gorssel.

Lakini hakuacha kazi. Katika uzee wake alieleza bakteria mwingine wa udongoni, ambaye kwa miaka mingi hakutiliwa maanani. Beijerinck alifariki tarehe 1 Januari 1931. Katika miaka ya 1970 Bibi Johanna Döbereiner wa Brazil aliwatafuta bakteria wa ukoo huo katika mizizi ya majani na nafaka, na tangu 1978 huitwa azospirilumu. Hukaa kwenye mizizi ya ngano na mahindi, wengine hata ndani yake, na huifanya mizizi ikue na kutawanyika. Leo tunajua pia kwamba punje ya ngano huwa na bakteria wake ndani. Ikichipua, huingia katika mche mchanga, na baadhi yao huukinga na ukungu. Lakini ngano haina vinundu kama kunde, kwa hiyo bado huhitaji mbolea.

Pengine mtasema ngano haituhusu, maana katika Uganda hulimwa milimani kama Kapchorwa, nasi huku twaijua kwa chapati tu. Basi sikilizeni habari za wimbi, nafaka ya wazee wetu. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walieleza bakteria aishiye ndani ya mizizi ya wimbi. Adui wa ukungu akija, bakteria huyo hukusanyika pamoja na vinyweleo vya mizizi kama boma, akamnasa na kumwua. Walipompaka juu ya mbegu za ngano na mahindi katika majaribio, ugonjwa wa ukungu ulipungua, na sumu yake pia.

Yaani nafaka tunayoidharau na kuiona ya pombe na uji tu, yaweza kuilinda ngano ya mataifa tajiri. Mkulima wa Koboko asiye na fedha za mbolea anao wasaidizi shambani mwake, kama akibadilisha mazao na kupanda kunde au karanga kabla ya mtama. Wenzangu, tukirudi nyumbani likizo tuwaeleze wazazi wetu habari hizi, na tuwaonyeshe vile vinundu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na mdharau kijidudu hukosa msaidizi.