John Coltrane: pombe na heroini, vyote kwa pamoja

John Coltrane, mzaliwa wa North Carolina, Marekani, alipiga saksofoni kushinda wengi, lakini pombe na heroini vilikuwa vinamumaliza. Mara anasinzia jukwaani, mara anachelewa. Mwaka 1957 Miles Davis akamufukuza kwenye kikundi.

Njo akarudi Philadelphia, nyumbani kwa mama yake, akajifungia chumbani. Heroini akaacha, pombe nayo akaacha, na hakutafuta kilevi kingine cha kumutuliza. Maji tu, na maombi, huku mama na bibi yake Naima wakimuchunga.

Miezi michache kisha alikuwa New York, akipiga na Thelonious Monk. Tena ndani ya baa, wengine wakinywa mbele yake! Mwaka 1958 Miles akamurudisha. Kansa ya ini ilimuua 1967, akiwa na miaka 40.