Mtakatifu Yohane Maria Vianney: Paroko Aliyechoka, Akatoroka, Akarudi kwa Kondoo Wake

Kila mwaka tarehe 4 Agosti, Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Padre, msimamizi wa maparoko. Waamini wengi wanamfahamu kama Paroko wa Ars, padre mnyenyekevu aliyeketi katika kiti cha maungamo kuanzia usiku wa manane na kuwarudisha kwa Mungu maelfu ya wakosefu. Lakini ipo sehemu ya maisha yake ambayo husimuliwa mara chache. Mchungaji huyu alichoka kiasi cha kuiacha parokia yake usiku, tena zaidi ya mara moja. Ni vema kuitafakari sehemu hiyo, kwa maana uchovu wa watumishi wa Kanisa si jambo geni, na utakatifu haukumkinga Vianney dhidi yake.

Yohane Maria alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 huko Dardilly, karibu na jiji la Lyon nchini Ufaransa, katika familia ya wakulima wachaji wa Mungu. Alikuwa bado mtoto mdogo Mapinduzi ya Ufaransa yalipofunga makanisa na kuwalazimisha mapadre waaminifu kujificha. Alipokea Komunyo ya Kwanza mwaka 1799 kwa siri, ndani ya nyumba ambayo madirisha yake yalikuwa yamefungwa. Mapadre waliohatarisha maisha yao ili kuwapatia waamini Sakramenti walipanda ndani yake mbegu ya wito.

Njia ya kuelekea upadre haikuwa nyepesi. Alianza masomo akiwa kijana mkubwa, na Kilatini kilimshinda. Mwaka 1809 aliitwa katika jeshi la Napoleon, akaachwa nyuma na kikosi chake, akaishi mafichoni katika kijiji cha Les Noës hadi msamaha ulipotolewa mwaka uliofuata. Alipokwama katika mitihani ya seminari, Padre Charles Balley, Paroko wa Ecully, aliendelea kumfundisha na kumtetea mbele ya wakubwa wa jimbo. Hatimaye, tarehe 13 Agosti 1815, alipewa Daraja Takatifu ya Upadre huko Grenoble, akiwa na umri wa miaka 29.

Mwezi Februari 1818 alitumwa Ars, kijiji kidogo kaskazini mwa Lyon chenye wakazi wapatao 230. Imani ya watu ilikuwa imepoa. Siku ya Bwana ilitumika kwa kazi za mashamba, na vilabu vya pombe vilijaa kuliko kanisa. Paroko mpya alianza kwa sala na kufunga. Alikesha mbele ya Ekaristi Takatifu, alizitembelea familia na kufundisha katekisimu. Mwaka 1824 alifungua nyumba iliyoitwa Providence, ambamo wasichana maskini na yatima walipata elimu na malezi. Alikula kidogo mno, mara nyingi viazi baridi vilivyochemshwa siku nyingi kabla, na alilala saa chache tu. Uzeeni alikiri kwamba katika ujana wake alipita kiasi katika kuutesa mwili, na hakuwashauri wengine wamwige katika hilo.

Mabadiliko ya Ars yalivuma mbali. Watu wa nje walianza kuja kuungama, kwanza wachache, kisha makundi kwa makundi, hata magari ya farasi yakawa na safari maalumu kati ya Lyon na Ars. Katika majira ya baridi Padre Vianney aliungamisha kwa saa 11 au 12 kila siku, na wakati wa kiangazi hadi saa 16. Katika mwaka wake wa mwisho, mahujaji waliofika Ars wanakadiriwa kuwa 80,000 au zaidi. Wote walitaka kuzungumza na mtu mmoja.

Mzigo huo ulikuja pamoja na maumivu mengine. Katika miaka ya mwanzo baadhi ya wanakijiji walimsingizia mambo ya aibu. Mapadre jirani walimwona mjinga asiye na elimu, na baadhi yao waliandaa barua ya malalamiko ili wamshtaki kwa Askofu. Barua hiyo ilipomfikia kwa bahati mbaya, Padre Vianney aliweka sahihi yake juu yake na kuiruhusu iendelee na safari, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini kwamba hafai. Baadaye alipewa msaidizi aliyemtendea kwa ukali na kumpinga hata mbele za watu, naye akamvumilia kwa miaka mingi. Mwaka 1847 malezi ya Providence, kazi aliyoipenda kuliko zote, yaliwekwa mikononi mwa watawa kwa uamuzi wa wakubwa wake. Alitii, lakini moyo wake uliumia.

Zaidi ya hayo yote, alibeba hofu ya ndani. Aliogopa kufa akiwa paroko, maana siku ya hukumu angepaswa kutoa hesabu ya roho za watu wote waliokabidhiwa kwake. Alitamani kwenda kwenye monasteri, mahali pa ukimya, ili alilie dhambi zake. Mara nyingi alimwomba Askofu ruhusa ya kuondoka, na mara zote alikataliwa.

Mwaka 1840 aliondoka usiku peke yake, lakini akiwa njiani alijiuliza kama hayo yalikuwa kweli mapenzi ya Mungu, akageuka na kurudi. Mwezi Mei 1843 aliugua vibaya mapafu, hata akapewa Mpako wa Wagonjwa. Alipopona, mwezi Septemba mwaka huohuo, alitoka Ars usiku na kutembea kwa miguu hadi Dardilly, nyumbani kwa ndugu yake. Baada ya siku chache mahujaji waligundua alipo, wakamfuata na kuomba kuungama. Askofu Devie hakumfokea. Alimpa nafasi ya kufikiria utume mwingine ulio mwepesi, katika kikanisa cha Bikira Maria huko Beaumont. Padre Vianney alikwenda huko, akaadhimisha Misa Takatifu na kusali, kisha akatambua kwamba Mungu alimtaka Ars. Aliporudi, yapata juma moja tangu aondoke, kengele za kanisa zililia, na wanakijiji wakamlaki kwa furaha kubwa.

Miaka kumi baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 4 Septemba 1853, alijaribu tena. Safari hii siri ilivuja. Kengele ilipigwa, watu wakatoka majumbani mwao wakiwa na taa. Padre Toccanier, msaidizi wake mpya, alikichukua kitabu chake cha sala ili kumchelewesha. Watu walipiga magoti wakimsihi asiwaache, na wengine wakaomba kuungama hapohapo. Mzee huyo mwenye umri wa miaka 67 alirudi kanisani, akaingia tena katika kiti cha maungamo. Tangu mwaka huo wamisionari wa jimbo walikuwa pamoja naye Ars, wakisaidiana naye kazi.

Wapendwa waamini, matukio haya hayapunguzi utakatifu wa Paroko wa Ars. Yanatuonesha kwamba kudumu katika utume si kutochoka kamwe. Padre Vianney alichoka, aliogopa, alitamani kuondoka, na siku kadhaa miguu yake ilitangulia kabla ya moyo wake kupata jibu. Kilichomrudisha ni sala, utii kwa Askofu wake, na mapendo ya watu waliomhitaji. Tukumbuke pia kwamba Kanisa lilimrudisha kwa njia za kibinadamu. Askofu alimsikiliza badala ya kumtupa, na hatimaye akapewa ndugu mapadre wa kubeba mzigo pamoja naye.

Wapo leo maparoko wenye vigango vingi na umbali mrefu wa kusafiri, makatekista wanaofundisha kwa miaka mingi kwa malipo kidogo au bila malipo, watawa wanaohudumia wagonjwa usiku na mchana, na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaosuluhisha magomvi ya wengine huku wakibeba ya kwao. Watu wa Ars walimpenda sana paroko wao, lakini upendo huo ulimnyima hata usingizi. Nasi tuchunguze dhamiri zetu. Tunapomwendea mchungaji wetu na shida zetu, je, tunamwuliza pia hali yake? Tunapoona makosa yake, je, tunamwambia kwa upendo, au tunaandika barua za siri? Tunapoona kazi imemzidi, je, tunajitolea kushika sehemu yake? Na anapohitaji kupumzika, je, tunamwachia nafasi bila manung'uniko?

Mwishoni mwa Julai 1859, baada ya siku nzima ya maungamo katika joto kali, Padre Vianney aliishiwa nguvu kabisa. Alifariki dunia tarehe 4 Agosti 1859, akiwa na umri wa miaka 73, baada ya miaka 41 katika parokia ileile ambayo alijaribu kuiacha. Alifia mikononi mwa Kanisa, akiwa mtulivu, wala ile hofu ya kale haikumtawala tena. Papa Pius X alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1905, na Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1925, kisha msimamizi wa maparoko mwaka 1929.

Katika sala zetu za juma hili, kila jumuiya na imtaje kwa jina paroko wake na katekista wake mbele ya Mungu, na imtafute mmoja wao imuulize ni kazi gani inaweza kuishika kwa niaba yake.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.