Gebre Kristos Desta, Mchoraji Aliyeiachia Rangi Iseme

Huko Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, fundi wa vibao akichora ng'ombe au gunia la mahindi kwenye ukuta wa duka, kila apitaye huitambua kazi yake. Je, akiacha ng'ombe na gunia akabakiza rangi peke yake, nani atamwelewa? Swali hilo liliwakabili jirani zetu wa Ethiopia mwaka 1963.

Aliyelizusha ni Gebre Kristos Desta. Alizaliwa mwaka 1932 Harar, mji mkongwe wa Kiislamu wenye ukuta na misikiti mingi. Jamaa zake walikuwa Wakristo. Baba yake, mtu wa kanisa, alikuwa akinakshi vitabu vya dini kwa mkono, na kwake ndiko mtoto alikojifunza kalamu na rangi. Mwaka 1957 alikwenda Köln, Ujerumani, kusomea uchoraji.

Aliporudi akaonyesha kazi zake Addis Ababa. Watu waliozoea picha za watakatifu na wafalme walishangaa, na wengine wakamlaumu kwamba ameleta mambo ya Ulaya. Hakurudi nyuma. Aliendelea kuchora, akafundisha vijana katika Shule ya Sanaa ya mji huo. Binadamu hakumwacha kabisa, lakini katika picha zake nyingi rangi si nguo ya kuvika umbo. Rangi ndiyo yenye maana.

Sisi wa pwani tusistaajabu. Nakshi za milango ya Lamu na za mihrabu hazina sura ya kiumbe, wala hakuna aulizaye zinafanana na nini. Jicho linatua, moyo unatulia.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, serikali ya kijeshi ilitaka sanaa itumikie siasa yake. Gebre Kristos akaihama nchi, akafariki mwaka 1981 huko Oklahoma, Marekani. Naye huyo aliyelaumiwa kwa Uzungu alikuwa pia mshairi wa Kiamhari, na shairi lake mashuhuri ni la kuipenda nchi yake.

Mwaka 2008 Addis Ababa ilifungua jumba la sanaa lenye jina lake, na picha zilizokuwa zimehifadhiwa Ujerumani zikarudishwa. Picha zilifika nyumbani, mwenyewe hakujaaliwa.