Elijah McCoy: Mhandisi Aliyepewa Koleo

Safari hii nawaletea mtu ambaye wenzetu wa uhandisi inabidi wamjue, na ambaye hata wasiosoma uhandisi watamwelewa haraka, maana jamaa alibeba boksi kabla neno hilo halijazaliwa.

Elijah McCoy alizaliwa Colchester, Ontario, nchini Kanada, kati ya mwaka 1843 na 1844. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa Kentucky, Marekani, wakatoroka kwa ile njia ya siri ya kuvushwa nyumba hadi nyumba mpaka kuvuka mpaka. Kwa hiyo mtoto alizaliwa huru, huku wazazi wake upande wa pili wa mpaka wakihesabiwa bado ni mali ya mtu.

Mwaka 1859, akiwa na miaka kama 15, walimpandisha meli kwenda Edinburgh, Uskoti, kujifunza uhandisi wa mitambo. Mlioko huko mnaijua baridi yake, sihitaji kuieleza. Akamaliza, akapata cheti, akarudi. Familia ilikuwa imehamia Ypsilanti, Michigan, naye akaenda kuomba kazi kampuni ya reli ya Michigan Central.

Mhandisi mweusi? Wapi! Alichopewa ni koleo la kutia makaa kwenye tanuru la injini, na kopo la mafuta la kulainishia vyuma. Cheti cha Edinburgh kikabaki mfukoni.

Sasa hiyo kazi ya kopo ndiyo iliyomtoa. Chuma kikisuguana na chuma bila mafuta kinapata moto, kinakwaruzana, mwisho kinakwama. Siku zile treni ilibidi isimame kila mara, mtu ashuke azunguke akitia mafuta sehemu moja baada ya nyingine, ndipo safari iendelee. McCoy akajiuliza kwa nini injini isijilishe mafuta yenyewe. Mwaka 1872 akapata hataza ya chombo chake cha kwanza: kikombe cha mafuta ambacho vali yake ilifunguliwa na presha ya mvuke wa injini ileile. Mvuke ukifanya kazi, mafuta yanaingia. Hakuna mtu wa kukumbuka wala kusahau.

Tuseme ukweli, hakuwa wa kwanza duniani. Mwingereza John Ramsbottom alikuwa na chombo cha kulainisha silinda za mvuke tangu 1860. Na ile hadithi kwamba Waingereza na Wamarekani husema real McCoy, yaani kitu halisi, kwa sababu ya vyombo vyake, ni tamu lakini haina ushahidi. Waskoti walikuwa na msemo unaofanana na huo tangu miaka ya 1850. Mimi naona hahitaji kupambwa. Alipata hataza 57, nyingi za mambo ya mafuta ya mitambo, ingawa imo pia meza ya kupigia pasi ya mwaka 1874. Nyingine aliziuza mapema ili apate hela ya kuendelea na utafiti, na faida kubwa ikaenda kwa walionunua.

Wenzetu mtakaokwenda fildi kwenye mitambo ya gesi na mafuta mtakutana na wazo hilohilo kwa sura nyingine. Kompresa kubwa ina pampu kuu inayosukuma oili kwenye beringi, na pembeni ina pampu ya akiba. Presha ya oili ikishuka, ya akiba inatakiwa iwake yenyewe kabla haijafikia kiwango cha kuuzima mtambo. Isipowaka, beringi zinaweza kuungua kwa muda mfupi sana.

Ikigoma, msikimbilie kufungua pampu. Angalieni kwanza swichi ya kuchagua: mara nyingi fundi ameiacha kwenye kuzima au kwenye mkono baada ya matengenezo. Kisha swichi ya presha, kama imepangwa sawa na kama kibomba chake hakijaziba. Kisha umeme wa mota, au betri kwa ile pampu ya dharura. Ikiwa inawaka lakini presha haipandi, tafuteni chujio la upande wa kuvuta lililoziba, hewa iliyonaswa ndani, au vali ya kupunguza presha iliyokwama wazi. Kuna moja inayowasumbua wengi: vali ya kuzuia kurudi ya pampu ya akiba ikivuja, oili ya pampu kuu inapita humo na kurudi tangini, na pampu iliyolala inazungushwa kinyumenyume. Hapo lawama zinaangukia pampu kuu bure.

Tumrudie mzee wetu. Alihamia Detroit mwaka 1882. Treni zilipoanza kutumia mvuke mkali zaidi, mafuta ya kawaida yakawa yanaharibika, naye akatengeneza chombo cha kuchanganya oili na unga wa grafaiti, akapata hataza mwaka 1915 akiwa na zaidi ya miaka 70. Kampuni yenye jina lake ilianza mwaka 1920 tu. Hebu hesabu: karibu miaka 50 tangu hataza ya kwanza.

Hakuifaidi sana. Mwaka 1922 yeye na mkewe Mary walipata ajali ya gari. Mary akafariki, na yeye hakupona vizuri. Alifia kwenye hospitali ya Eloise, nje ya Detroit, tarehe 10 Oktoba 1929. Mwaka 2012 ofisi ya hataza ya Marekani ilifungua tawi lake la kwanza nje ya eneo la Washington, pale Detroit, na kulipa jina la Elijah McCoy.