Daktari Grzimek na Hesabu ya Serengeti

Hapa Pasua si wachache wapatao riziki yao kwa wageni: huyu ni mpagazi wa mlimani, yule mpishi wa msafara, mwingine dereva wa kuwapeleka Serengeti na Ngorongoro. Basi yafaa tumjue mtu mmoja aliyewafanya watu wengi wa Ulaya wazijue na kuzipenda nyika zetu. Naye ni Daktari Bernhard Grzimek, Mjerumani, aliyefariki mwaka 1987.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, uliokuwa wa Ujerumani siku zile na ambao sasa umo Poland. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Alisomea udaktari wa mifugo, kisha akafanya kazi serikalini mjini Berlin, akishughulika na mambo ya kuku na mayai. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo mabomu ya vita yalikuwa yameiharibu hata wakabaki wanyama wachache mno. Akaijenga upya, akaiongoza mpaka mwaka 1974.

Afrika ilimwingia moyoni yeye pamoja na mwanawe Michael. Mwaka 1956 walitoa filamu ya kuonya kwamba wanyama wa porini wanakosa mahali pa kuishi. Ilipendwa sana, nao wakataka kuitoa faida yake inunue ardhi ya kuiongezea Serengeti. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika akawashauri vingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikikusudia kubadili mipaka ya Serengeti, hali hapakuwa na mtu ajuaye kwa hakika wanyama ni wangapi, wala huhamia wapi. Ilikuwa heri fedha hizo zitumike kuwahesabu.

Baba na mwana wakajifunza urubani, wakapata ndege ndogo, wakaipaka milia kama ya punda milia, wakaja nayo wenyewe kutoka Ujerumani. Mwaka 1958 waliruka chini chini juu ya nyika, kwa mistari waliyoipanga, wakihesabu kundi baada ya kundi. Jumla ikawa wanyama wakubwa 366,980. Walifuatilia pia safari za nyumbu, wakaona kwamba makundi hayo hupita nje ya mipaka iliyokusudiwa. Mipaka ilichorwa mezani, lakini nyumbu hufuata mvua na majani.

Kazi hiyo ilidai gharama kubwa. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yao iligongana na tai angani, ikaanguka, na Michael, aliyekuwa peke yake ndani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake hakuacha kazi. Aliimaliza filamu na kitabu walivyovianza pamoja, na mwaka 1960 filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar huko Marekani.

Tangu mwaka 1956 alikuwa akizungumza na Wajerumani katika televisheni, naye aliendelea hivyo zaidi ya miaka 30, akiwaomba fedha kwa ajili ya wanyama. Hata alitumia ujanja: alitangaza kwamba kuna safari za bei nafuu za kuja Afrika Mashariki, ambazo hazikuwapo. Watu wakamiminika kuziuliza, na makampuni ya safari yakalazimika kuziandaa.

Mwezi Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba nchi yetu itawatunza wanyama wake, na kwamba kazi hiyo yahitaji wataalamu. Mwaka 1963 chuo cha kuwafunza Waafrika kazi ya uhifadhi kikafunguliwa Mweka, hapa juu yetu mlimani, na shirika la Grzimek la Frankfurt likawa miongoni mwa waliokisaidia. Twaona hilo ni tunda jema kuliko filamu yoyote, kwa kuwa hifadhi isiyo na wenyeji waijuao kazi haina mlinzi.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme na upande wa pili. Daktari Grzimek aliamini kwamba katika hifadhi ya taifa asiishi mtu yeyote, hata mwenyeji. Mwaka 1959 Wamasai wakatolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe ya watu na wanyama pamoja. Yeye hakupendezwa na mpango huo. Lakini kama wanyama walikuwa tele siku alipowahesabu, sababu mojawapo ni kwamba wafugaji waliokaa kati yao kwa desturi hawali nyama ya porini. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema wamekwenda kwa hiari. Wamasai wengi wamepinga. Na hapa Kilimanjaro, vijiji vinavyopakana na msitu vinajua uzito wa jambo hili tangu mwaka 2005, msitu ulipotiwa ndani ya hifadhi na sheria ya kuni na majani ya ng'ombe ikawa kali zaidi.

Daktari Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro, yakazikwa karibu na mwanawe. Basi amelala katika nchi ile ile iliyotengwa iwe ya watu na wanyama pamoja.

Sisi twamshukuru kwa dhati. Bila yeye na Michael, huenda mipaka ingechorwa gizani. Walitufundisha kwamba kabla ya kuweka mpaka sharti kwanza kwenda, kutazama na kuhesabu. Twawaomba viongozi wetu, na wafadhili wa ng'ambo pia, waufuate mfano huo hata kwa wanadamu: waende kwenye maboma ya Ngorongoro na vijiji vya mlimani, wahesabu ng'ombe, watoto, visima na makaburi, wasikilize wazee na akina mama, ndipo wachore mipaka.